Disketi Juu ya Jiko

Isdori alikuwa na ugonjwa mmoja: akiogopa, anakuwa mpole kupita kiasi. Kwa hiyo asubuhi ile Otilia alipoingia ofisini, mahali walipochapia watu kazi kwa malipo, akakuta kiti kimeshavutwa, chai imeshamiminwa, na habari za mama yake zinaulizwa mara mbili kabla hajavua sweta, alijua kuna kitu kimeharibika.

"Kompyuta imeingia virusi," Isdori alisema mwishowe, macho yakiwa kwenye birika. "Imebidi niifomati. Imefutika yote."

"Yote?"

"Yote, dada. Pole sana."

Otilia aliitazama ile kompyuta. Ilikuwa imepanguswa vumbi hata nyuma, mahali ambapo Isdori hakuwa amepangusa tangu ainunue. Ndani yake kulikuwa na toleo zima la *Mbiu ya Nyanda*, gazeti lao la kurasa nne ambalo walilidurufu wenyewe na kuliuza sokoni Sumbawanga na kwenye malori yaendayo vijijini. Toleo lile lilikuwa bado kutoka. Lilikuwa linahusu mbegu.

Na hapa inabidi kumtaja Baltazari, ingawa kumtaja si raha. Zamani mbegu ya mahindi na mbolea vilikuja kwa njia ya serikali, vilichelewa, vilipungua, lakini vilikuwa mbegu na mbolea. Soko lilipoachiwa huru, kila mwenye duka akawa bwana shamba. Baltazari, mwenye duka kubwa kuliko yote mtaa ule, alichukua mahindi ya kula, akayapaka rangi nyekundu kama ya mbegu iliyotiwa dawa, akayafunga kwenye pakiti zenye picha ya hindi nono. Watu wa Kaengesa walinunua, watu wa Ilemba kule bondeni walinunua. Msimu uliopita yakaota machache, na hayo machache yakatoa mabua membamba yasiyobeba kitu. Walipokwenda kulalamika, Baltazari aliwaambia hawajui kulima. Mfipa kuambiwa hajui kulima mahindi! Wapo walioona aibu wakanyamaza, na Otilia alipoyasikia hayo ndipo alipopandwa na hasira ambayo mpaka leo haijashuka.

Alizunguka vijiji na radio kaseti yake akiwasikiliza. Kanda ilikuwa moja tu, kwa hiyo kila akimaliza kuchapa maneno ya mmoja, anaifuta iwe tayari kwa mwingine. Wa kwanza kabisa kuzungumza alikuwa mama yake mwenyewe, Dominika, na alikubali kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe gazetini. Wa mwisho alikuwa Minza, mama wa Kisukuma aliyekuwa akiishi Ilemba na mumewe na ng'ombe wao. Minza alieleza vizuri kuliko wote, na tangu aeleze, familia nzima ilikuwa imehama na mifugo kuelekea kusini. Kumpata tena ilikuwa kama kutafuta upepo uliopita jana.

Sasa mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya Ufipa, na pakiti mpya zenye picha ileile zilikuwa zimejaa dukani kwa Baltazari. Gazeti lisipotoka kabla ya mvua ya kwanza, watu watanunua rangi tena, watapanda rangi tena, na watakula njaa tena. Basi.

"Tuanze upya taratibu," Isdori alisema. "Mwakani tutatoa. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hivyo virusi vina jina?" Otilia aliuliza. "Vinaitwa Baltazari?"

Isdori alitupia jicho ukuta wa kushoto. Hakuwa na haja ya kujibu, kwa sababu fremu ile ya ofisi ilikuwa ya Baltazari, na ukuta wa upande wa kushoto ulikuwa ukuta wa duka lake. Ukitega sikio ulisikia mizani yake ikigonga.

"Amekuja jana jioni," Isdori alisema kwa sauti ndogo. "Amesema ama faili ama fremu. Mwenye nguvu mpishe, Otilia."

"Mpishe wewe. Mimi njia hii ni yangu pia."

Alisema hivyo, kisha akaketi akanywa chai yote, kwa kuwa hasira haizuii kiu, na hakumwambia Isdori jambo moja. Kila Jumamosi baada ya kazi alikuwa akinakili gazeti lote kwenye disketi. Alifundishwa hivyo kwenye kozi fupi huko Mbeya, na mwalimu wao, mtu mwenye kikohozi na maneno makali, aliwaambia kwamba kompyuta ni mlevi: huwezi kumkabidhi kitu ukaenda kulala. Isdori alizoea kumcheka. Kwake nakala zilikuwa ni kupoteza umeme. Hakuwahi kuuliza disketi zile zinalala wapi, na Otilia hakuwahi kumwambia kwamba zinalala upande wa Kaengesa, kwa mama.

Alipanda lori la mchana.

Dominika alikuwa jikoni, kwenye nyumba ndogo ya nyasi iliyo peke yake nyuma ya nyumba kubwa. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za mjini, na swali la lini ataolewa lililopita bila kujibiwa kama kawaida, Otilia aliuliza.

"Mama, zile mbegu zangu ziko wapi?"

Mama alitabasamu kwa fahari, akanyoosha kidole juu.

Otilia aliinua macho. Juu ya jiko, kwenye uchaga, kulikuwa na masuke ya ulezi yaliyofungwa mafungu, na mahindi yaliyoning'inizwa kwa maganda yake, yote meusi kwa masizi. Katikati yao, mahali pazuri kuliko pote, pale moshi unapopanda umenyooka, kilikaa kifurushi cha kitenge.

Makosa yalikuwa ya nani? Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, siku alipozileta mara ya kwanza: "Mama, hizi ni mbegu za kazi yangu. Kazi ikiharibika mjini, nitakuja kuchukua hapa. Zitunze." Na kwa Dominika, kama kwa mama yake na bibi yake, mbegu haitunzwi sandukuni. Sandukuni panya watakula na wadudu watatoboa. Mbegu hupewa moshi mpaka siku ya kupanda. Kila Jumapili Otilia alipoleta disketi mpya na kuondoka na za zamani, mama alizipokea sebuleni, akamsindikiza njiani, kisha akarudi akazipandisha. Zile za zamani zilikuwa zikikaa juu muda mfupi, hazikudhurika. Lakini majuma haya Otilia alikuwa amebanwa na kazi, hakunakili wala hakuja.

"Zimekauka vizuri," Dominika alisema akizishusha. "Hakuna hata mdudu mmoja."

Otilia alifungua kitenge. Zilikuwa disketi nne. Namba moja, iliyolala chini kabisa kuelekea moto, ilikuwa imepinda kama chapati ya jana. Namba nne, iliyokuwa juu, ilikuwa nyeusi, na masizi yameingia mpaka ndani ya kile kimlango chake cha bati. Zile mbili za katikati zilinuka moshi, lakini zilikuwa nzima. Otilia alianza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakatoka, kisha akagundua kwamba hacheki tena, analia.

"Kwani hazitaki moshi?" mama aliuliza.

"Hazitaki, mama."

Dominika aliketi kwenye kigoda. Kisha akakasirika, na alikuwa na haki. "Wewe uliniambia mbegu. Ungeniambia plastiki, ningetunza plastiki. Nani ameanza kuita plastiki mbegu?"

"Mimi, mama. Ni kosa langu."

"Basi usilie jikoni mwangu. Maneno yangu yamo katika ipi?"

Otilia aliinyanyua ile iliyopinda. Mama aliitazama kwa muda mrefu, akageuka kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Otilia alijifuta uso. Namba moja ilikuwa imekufa, hilo hata asiye na kozi angeliona. Lakini namba nne ndimo alimokuwa Minza, na Minza hakuwa na nakala nyingine chini ya jua. Alikumbuka jinsi mwalimu wa Mbeya alivyoipasua disketi mbovu mbele ya darasa kuwaonyesha kilichomo: duara jembamba la kahawia, laini kama karatasi ya nailoni, na hakuna kingine. Kama ni masizi tu, masizi huoshwa. Kama haliwezekani, basi lishindikane akiwa amelijaribu.

Alipasua ganda kwa kisu, akalitoa lile duara. Likataka kumponyoka vidoleni.

"Lete," mama alisema. "Wewe utalikunja."

Dominika aliliosha kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, akilishika pembeni tu, akilipitisha majini polepole kama anayeosha ulezi bila kutaka upotee hata punje moja. Masizi yaliachia. Wakalianika juu ya kanga safi, mbali na jiko safari hii, na lilipokauka Otilia akalitia ndani ya ganda la disketi mpya aliyokuja nayo mkobani. Hakujua kama litasoma. Mama yake alijua kidogo kuliko yeye, lakini asubuhi alimkuta amevaa kitenge chake cha kanisani na viatu.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Mjini. Nimewaharibia, sasa nikae hapa nisubiri nini?"

Ilikuwa siku ya soko, na umeme ulikuwepo. Ofisini kwa Isdori walikuwepo wateja wachache: mwalimu aliyeleta mtihani kuchapwa, mama Salome wa kwaya na nyimbo zake, na mwuza dagaa kutoka Kirando aliyetaka barua ya kiofisi. Dominika aliketi mwisho wa benchi, karibu na mlango. Otilia alipita moja kwa moja mpaka kwenye kompyuta, akaketi.

"Otilia," Isdori alisema. "Tulikubaliana."

"Tulikubaliana mimi na nani?"

Aliwasha. Kwenye kioo cheusi, herufi moja moja, akaandika amri ya kurudisha:

RESTORE A: C:\GAZETI\*.* /S

Mashine ikaomba disketi namba moja. Namba moja haikuingia hata kwenye tundu. Otilia akasukuma namba mbili. Mashine ikanguruma, ikasimama, ikamwandikia kwa Kiingereza chake kikavu kwamba disketi hii si ya zamu yake, kwamba mpangilio umevurugika, abadilishe, ama kama anaona sawa abonyeze kitufe chochote aendelee.

"Unaona?" Isdori alisema, na kulikuwa na nafuu katika sauti yake. "Imekataa."

"Haijakataa. Imenionya. Nimeonywa sana wiki hii."

Akabonyeza. Habari iliyokuwa imeanzia kwenye namba moja, ikakatikia njiani, mashine iliiruka. Halafu kioo kikaanza kuandika chenyewe, mstari chini ya mstari, jina baada ya jina, kwa sababu Otilia aliyaita mafaili yake kwa majina ya waliosema. LEONSI. FELISIAN. ADOLFU.

"Leonsi!" mama Salome alisema, akiwa amesimama nyuma yake tayari. "Si yule wa karibu na kisima? Alilima kutwa mtu yule, hakupata debe."

"Na Felisian ni shemeji yangu," alisema mwalimu.

Namba tatu ikaingia bila maneno, ikatoa waliomo. Kila jina lilipopanda, walisoma kwa sauti, na kila mmoja alikuwa na la kusema juu ya shamba la mwenzake. Isdori aliwasihi washushe sauti kwa ajili ya ukuta wa kushoto. Hawakushusha. Mizani ya upande wa pili ikaacha kugonga.

Otilia alichukua namba nne, ile iliyooshwa. Alipoitia, kompyuta ilitoa mlio wa kukwaruza ambao hajausikia tena maishani. Ikaandika kwamba haiwezi kusoma. Ikampa njia tatu: aiache kazi, ajaribu tena, au akubali kwamba imeshindikana. Akabonyeza herufi ya kujaribu tena. Ikakwaruza, ikamwuliza vilevile. Akabonyeza. Ikamwuliza. Akabonyeza tena na tena, bila kupumzika, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ambayo anajua kabisa kuna watu ndani.

Mlango uliofunguka ulikuwa wa ofisi. Baltazari aliingia, suti yake ya kaki, tabasamu lake la kukopesha.

"Shikamoo," Otilia alisema bila kugeuka, kwani adabu ni adabu.

"Marahaba, binti. Naona mna mkutano."

Wakati huohuo mlio wa kukwaruza ulikoma, disketi ikazunguka kimya, na chini ya majina yote likatokea jipya: MINZA.

Otilia alipiga meza kwa kiganja. Hakujali nani anamwona. Mwuza dagaa, ambaye hakumjua Minza wala mbegu, alipiga makofi.

Baltazari alisogea akasoma kioo. Tabasamu halikuondoka, ila lilikauka. "Isdori. Zima umeme."

Swichi ilikuwa ukutani, karibu kabisa na bega la Isdori. Wote waliutazama mkono wake. Ulinyanyuka, ukafika nusu, ukasimama hapo. Kisha Isdori, ambaye maisha yake yote alikuwa hajawahi kumkatalia mtu aliye na funguo nyingi kuliko yeye, aliuingiza mkono ule mfukoni, na wa pili akauingiza mfuko wa pili.

"Umeme huu una kazi za wateja, mzee," alisema, na uso wake ulikuwa umepauka kama unga.

"Vizuri. Nitakukumbuka." Baltazari akamgeukia Otilia. "Na wewe, unafikiri umepata nini? Hawa ni watu wa kunung'unika. Huyo Msukuma yuko wapi leo? Amekwenda na ng'ombe wake. Nani atamwuliza? Wengine hao wote walipanda wakachelewa, wakapalilia wakachoka. Mbegu yangu ni nzuri. Mama yako mzazi alinunua kwangu, namkumbuka. Mbona simwoni humo? Mama wa mwenye gazeti! Angekuwa na neno, si angekuwa wa kwanza?"

Otilia aliushika mkoba wake. Mama yake alikuwa kweli wa kwanza, na wa kwanza alikuwa ndani ya plastiki iliyopinda, mkobani. Na hata kama ingesoma, alikuwa ameahidi kutomtaja.

Benchi lililia. Dominika alisimama, akanyoosha kitenge chake, akatembea polepole mpaka mbele ya Baltazari. Alimtazama tu, akisubiri. Watu wote wakamwangalia, na Baltazari akaelewa kinachosubiriwa. Kwa umri, mama yule angeweza kumzaa.

"Shikamoo, mama," alisema mwishowe.

"Marahaba." Dominika akamgeukia binti yake. "Andika."

"Mama, si lazima. Jina lako—"

"Anza na jina."

Otilia aliita ukurasa mpya. Mama alianza kusema, si kwa haraka, akimwachia nafasi ya kuandika, kama padre anavyowaachia waumini nafasi ya kuitikia. Aliyokuwa akiyasema ndiyo aliyoyaficha hata kwa majirani.

"Mimi ni Dominika, mjane wa Rafaeli. Mama mkwe wangu aliniachia mbegu ya mahindi aliyoachiwa na mama mkwe wake. Kila mwaka niliitia moshi, kila mwaka niliipanda, haikuwahi kuninyima. Mwaka jana niliisaga. Nilipika ugali wa mbegu ya wazee wangu, nikala, kwa sababu huyu hapa aliniambia imepitwa na wakati. Nikanunua pakiti yake. Nilipanda, na rangi ikabaki mikononi. Nikaosha, haikutoka. Jumapili nikaenda kanisani, nikampa padre mikono myekundu, akaniwekea Komunyo humo. Nilijua siku ileile kwamba nimepanda rangi. Nikanyamaza, maana mwanamke aliyekula mbegu atasema nini? Mbegu iliyoko sasa juu ya jiko langu nimeiomba. Nimeomba kwa watu, kibaba kwa kibaba, katika uzee huu."

Mama Salome alikuwa akilia waziwazi. Baltazari alisema jambo kuhusu kesi, kuhusu kibali, kuhusu kodi ya fremu. Aliyasema yote mlangoni, nusu ya mwili ikiwa nje, na hakuna aliyegeuza macho kumwangalia. Isdori alikuwa ameshatoa mikono mifukoni, anapakia karatasi kwenye printa.

Dominika hakugeuka. Aliinama kwenye kioo, ambako asingeweza kusoma bila miwani, akaweka kidole chini ya mstari uliokuwa ukiandikwa.

"Umefika wapi?"

"Kwenye kibaba, mama."

"Nenda mstari mpya. Sijamaliza naye."